Fanksheni Isiyokumbuka

Wako watu wanaoandika ili wasifiwe, na wako wanaoandika ili msomaji akae nao mchana kutwa. Yeye aliandika ili msomaji afunge ukurasa upesi, arudi kazini kwake. Akiona mtu amekaa sana kwenye ukurasa wake alihuzunika, kama mwenye duka anayemwona mteja akizungukazunguka bila kupata anachokitaka.

Watumiaji wa kazi yake walimwita Bi Mfano, kwa sababu hakukubali sentensi yoyote isimame peke yake bila mfano. Alikuwa mwandishi wa maelezo ya programu, na hasa ya maktaba moja aliyoitengeneza mdogo wake. Maktaba, kwa watu wa kompyuta, si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mtu mwingine huviazima ili asianze kazi yake kwenye tope. Maktaba ile ilikuwa ya mtindo ambao kila kitu hujengwa kwa fanksheni ndogondogo. Fanksheni unaipa kitu, inakurudishia kitu, basi. Haichokoi vya watu, haiweki kumbukumbu, haina kinyongo. Ukiipa kilekile kesho, itakujibu lilelile.

Mdogo wake nyumbani aliitwa Injinia tangu alipokuwa mtoto, baada ya kuifungua redio ya baba yao na kuirudisha ikiwa na skrubu za ziada mkononi. Jina lilikuwa la kejeli, likageuka la kweli. Alikuwa na kipaji, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini hakujua kueleza. Fanksheni yake moja iliitwa *panga*, na maelezo aliyoiandikia yalisema, "Hupanga vitu." Chini yake aliweka msururu wa herufi na mishale, kisha akaona amemaliza.

"Hii ni sawa na kuniambia mlango ni kitu cha mlangoni," dada yake alimwambia.

Hivyo ndivyo alivyoingia kazini. Kabla ya hapo alikuwa mfasiri wa mikataba kwenye ofisi yenye dirisha moja, na ndiko nilikofahamiana naye, kwa kuwa mimi nilipita pale kila nilipohitaji kazi ya kunisogeza hadi mji unaofuata. Mikataba ilimfundisha kuogopa maneno. Alipohamia kwenye maelezo ya programu alipiga marufuku neno "tu", kwa maana ya "bonyeza tu" au "andika tu", kwa sababu, alisema, mtu aliyekwama akisoma "tu" hujiona mjinga mara mbili.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ni lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyomponza. Hakufungua fanksheni kuona ndani yake. Kamwe. Waandishi wengine huketi na msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu, wakausoma mstari kwa mstari, wakaueleza. Yeye aliona huko ni kumfuata mpishi jikoni, halafu ukatoka unasifu sufuria. Msomaji wake hangeingia jikoni. Yeye naye asiingie. Alimuuliza Injinia fanksheni inaahidi nini, akaiandika ahadi ile kwa maneno ya kawaida, kisha akaijaribu kutoka nje kwa mifano, mpaka aidha ahadi isimame au ianguke. Orodha ikiwa tupu je? Wanafunzi wawili wakiwa na urefu mmoja, nani atangulie? Swali la orodha tupu aliliuliza mara nyingi hadi Injinia akawa anamsalimu kwa hilo: "Shikamoo, Orodha Tupu."

Na mifano ile haikuwa pambo. Walikuwa wameweka mashine inayousoma kila ukurasa, kuuendesha kila mfano kama ulivyoandikwa, na kulinganisha jibu. Mfano ukisimama, uliwaka kijani. Ukianguka, mwekundu. Sheria yao ilikuwa moja: toleo jipya halitoki nyekundu ikiwepo hata moja. Injinia aliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wa fani yake akasema kwamba maktaba yake ndiyo pekee aijuayo ambayo maelezo yake hayawezi kusema uongo, na aliyeifanya hivyo ni dada yake. Watu wakageuka kumtazama kwenye safu ya nyuma. Alikuwa amejiinamia, anacheka na mkoba wake.

Kilemba kile alikivaa miaka miwili. Hakujua ni cha ukoka.

Ukurasa wa *panga* ulikuwa ndio fahari yake. Ulianza na darasa la wanafunzi wanaopangwa kwa urefu ili wapigwe picha. Kisha mwanafunzi mmoja anagundulika alipimwa vibaya, urefu wake unasahihishwa, na fanksheni inaitwa tena. Jibu linabadilika. Chini ya mfano ule aliandika: "*Panga* haikumbuki. Haijui kwamba uliiita jana, wala haijali. Ukiipa habari mpya, itakupa jibu jipya." Nilizitafsiri sentensi zile kwa lugha mbili nyingine, na zote mbili zilikaa vizuri mdomoni.

Barua iliyovunja mambo ilitoka kwa fundi wa mashine za kusafisha damu kwenye kliniki ya figo. Fundi yule alikuwa ameitumia maktaba kutengeneza ratiba ya wagonjwa: nani akae kiti gani, siku gani, zamu gani. Mzee mmoja aliomba ahamishwe kutoka Jumanne hadi Jumatano. Habari zake zikasahihishwa, zikaingizwa, ratiba ikachapishwa. Mzee alipofika Jumatano akakuta kiti kina mtu mwingine; kwenye ratiba bado alikuwa wa Jumanne. Akarudishwa nyumbani. Kesho yake aliletwa na bintiye, miguu imevimba, pumzi zinamkata. Alihudumiwa na akapona. Lakini mkuu wa kliniki alitaka kujua kosa ni la nani, na fundi alikuwa amemwonyesha ukurasa wa Bi Mfano, kwenye sentensi inayosema *panga* haikumbuki.

"Dada," aliandika, "nimekuamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Nisaidie kuona nilipokosea."

Hakumwandikia Injinia. Alimwandikia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyemwahidi.

Bi Mfano aliendesha mfano wake kwenye mashine ya kurasa. Kijani. Akauendesha tena. Kijani. Akamjibu fundi kwa upole wenye ncha: mfano unasimama kama ulivyo, basi bila shaka kosa limo upande wenu, pengine habari mpya haikuhifadhiwa. Akaongeza mzaha kwamba kompyuta ni kama wagonjwa, husema ukweli ukiwauliza vizuri. Baadaye mzaha ule ulimchoma kuliko yote.

Fundi akaandika tena. Alikuwa ameuchukua mfano wa wanafunzi kwenye ukurasa, akauandika upya kwa mkono wake, neno kwa neno, kwenye kompyuta yake. Mwanafunzi aliyesahihishwa urefu alibaki palepale alipokuwa.

Nilikuwa nimefikia kwa Bi Mfano wiki ile, kwenye chumba cha nyuma chenye cherehani na masanduku. Nilikuwa jikoni naye alipofungua kompyuta kwenye meza, kando ya kikombe, na kuandika mfano wake kwa mkono kwa mara ya kwanza tangu auzue. Hakuwahi kufanya hivyo. Kwa nini angefanya? Mashine ilikuwapo. Aliandika taratibu, akabonyeza, akatazama. Mtoto wa kufikirika, aliyerefushwa na sahihisho, alisimama mbele ya wafupi kama kwamba hakuna aliyemgusa.

Akaendesha mfano huohuo kwenye mashine ya kurasa. Kijani.

Kisha akafanya alichokuwa ameapa kutokifanya: akaifungua fanksheni.

Alinisomea kwa sauti kile alichokiona, bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma anwani. *Panga* ilikuwa inakumbuka. Kila ilipoitwa iliandika majibu yake pembeni, kwenye faili dogo, kwa namba ya kila mtu. Ikikutana tena na namba ileile haikujisumbua kutazama kama habari zake zimebadilika, ilimrudisha mahali pake pa zamani. Kwa njia hiyo ilikuwa na kasi ya ajabu. Na juu kabisa, kabla ya hayo yote, palikuwa na mstari unaotazama nani anaiita. Injinia aliandika msimbo wake kwa maneno ya nyumbani, kwa hiyo hata mimi niliuelewa: kama anayeita ni dada, usikumbuke.

"Dada" lilikuwa jina ambalo Injinia aliipa mashine ya kurasa. Fanksheni ilijifunza kutambua kwamba inajaribiwa na mifano ya dada yake, na mbele ya dada yake, na dada yake peke yake, ilijikausha ikawa safi.

Hakulia. Aliuliza kama nimemaliza kikombe changu, akakiosha.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwenye ofisi ya Injinia, chumba juu ya duka la kutengeneza viatu, ambako harufu ya gundi hupanda kwa ngazi kabla yako. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitambaa. Injinia alikuwa kwenye simu, akatuonyesha viti kwa kidevu. Dada yake hakuketi. Alisubiri mpaka simu ikaisha.

"Jina langu linafanya nini ndani ya *panga*?"

Injinia aliangalia kioo cha kompyuta, si uso wake. Alisema ilikuwa ya muda. Alipoulizwa muda upi, alisema tangu walipotoa toleo lile lililopita, au lile la kabla yake, hakumbuki vizuri. Akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alieleza vizuri. Kampuni moja kubwa ya usafirishaji ilikuwa inafikiria kuichukua maktaba yake iwe msingi wa kazi zao zote, na kumchukua yeye pamoja nayo. Walitaka usafi, yaani fanksheni zisizokumbuka, na walitaka kasi. Kasi aliipata kwa kukumbuka. Lakini kila alipojaribu, mfano wa wanafunzi ulianguka, na sheria yao wenyewe ikamfungia mlango. Akaona aweke kizuizi kidogo, kwa siku chache, mpaka apate njia nzuri. Kisha siku zikapita na hakuna aliyelalamika.

"Ungeniambia," alisema dada yake. "Ningeandika kwamba inakumbuka. Mtu akitaka isikumbuke, afanye hivi. Sentensi mbili."

"Nani anasoma maelezo, Dada? Kweli. Watu wananakili mfano, wanaondoka. Sentensi zako unazisoma wewe na huyu msafiri wako."

"Basi ungeniacha niziandike, maadamu hazisomwi."

"Ungeziandika, na wale wa kampuni wangezi..."

"Wangezisoma," dada yake akammalizia.

Chini mtu aligonga kisigino cha kiatu, mara kadhaa, kisha akapumzika. Injinia alibadilisha sauti, akaifanya ile ya utotoni. Alimwambia dada yake kwamba ukurasa ule ndio walioupenda kuliko vyote, kwamba mkuu wao aliusoma kwa sauti mkutanoni, kwamba hakuna mtu duniani angeweza kuandika vile. Panya huuma huku akipuliza. Akamwomba asubiri mpaka kampuni itie saini, kisha atasahihisha kimyakimya, wala hakuna atakayejua palikuwa na nini. Na mzee wa kliniki? Mzee amepona, si ndiyo?

Dada yake alimwambia kwamba ukurasa wa *panga* utabadilika siku ile ile. Akatangulia ngazi.

Tulipitia kwa mama yao, kwa sababu ni njiani na kwa sababu alitaka mtu mmoja wa kumwambia "pole". Mama alikuwa anapiga pasi, shuka zimekunjwa vizuri kando yake kwenye kiti. Alisikiliza bila kuinua pasi. Hakushangaa. Nilimwona binti yake akiona kwamba mama hashangai.

Injinia alikuwa amemwambia. Si mambo ya fanksheni, hayo asingeyaelewa, ila kwamba amefanya jambo dogo katika kazi yao na dada hajui. "Nikamwambia asikusumbue," alisema mama. "Wewe una moyo wa kushika mambo. Yule ni mdogo wako, mwanangu. Mfunike."

"Mama, aliyefunikwa ni mimi."

Mama aliigeuza shuka upande wa pili. Alisema damu ni damu, kazi huja na kwenda. Bi Mfano alichukua mkoba wake, akaaga vizuri, kwa heshima zote, kama mtu anayeaga nyumba ya wakwe.

Mchana ule aliuandika ukurasa upya. Nimesoma maandishi mengi ya watu waliotendwa, kwa lugha kadhaa, na mengi yao yanapiga kelele. Ukurasa ule haukuwa na neno moja la hasira. Ulianza na darasa lilelile, picha ileile. Ulisema: "*Panga* hukumbuka. Ukisahihisha habari za mtu aliyekwisha kupangwa, atabaki mahali pake pa zamani." Ukaonyesha mfano, na jibu la kweli ambalo mtu yeyote angelipata kwenye kompyuta yake. Ukaeleza faili dogo liko wapi na namna ya kulifuta kabla ya kuiita tena. Mtu wa kliniki angeusoma na kurudi kazini upesi. Ulikuwa ukurasa wenye manufaa kuliko zote alizowahi kuandika.

Akaupeleka kwenye mashine, na mashine ikauwasha mwekundu. Ilipaswa kuwa hivyo. Fanksheni ilimwona dada anakuja, ikajikausha, ikatoa jibu safi ambalo ukurasa sasa ulisema halitatoka. Kwa hiyo ukweli ulianguka na toleo likazuiwa. Sasa Injinia alikuwa na njia moja ya uaminifu, kuufuta mstari ule, na dada yake aliketi akisubiri kuona kama ataufuta. Alijua kwamba ameiona nyekundu, kwa sababu mashine huwaarifu wote wawili.

Injinia hakuufuta. Aliizima mashine. Aliondoa kabisa utaratibu wa kuendesha mifano, akaurudisha ukurasa wa zamani, akatoa toleo jipya. Funguo za maktaba zilikuwa zake. Jioni haijaingia, sentensi ya "*panga* haikumbuki" ilikuwa imerudi mahali pake, na chini yake, kama ilivyokuwa siku zote, jina la mwandishi.

Bi Mfano alipojaribu kuliondoa jina lake, mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameondolewa.

Nilitarajia ampigie simu, au aandike mahali pa wazi ambapo fani nzima ingesoma. Nilimshauri hivyo, nilikuwa na hasira kuliko yeye. Akasema matangazo husomwa na wapenda ugomvi, wala si wenye wagonjwa. Badala yake alianza kutafuta kila mtu aliyewahi kumwandikia kumuuliza kitu. Walikuwa wametawanyika: mwalimu wa shule ya ufundi, mama mwenye shamba la kuku na programu yake ya chanjo, kijana wa bandarini aliyemsumbua sana na maswali ya orodha tupu. Alimwandikia kila mmoja peke yake, na wale wa lugha ninazozijua mimi tuliandika pamoja mezani, yeye anasema, mimi nageuza. Hakumtaja mdogo wake. Aliandika: "Nilikuambia *panga* haikumbuki. Inakumbuka. Uliniamini, na mimi sikuwa nimetazama ndani." Kisha akaeleza la kufanya, kwa mfano.

Injinia alipiga simu siku iliyofuata. Baadhi ya barua zilikuwa zimefika kwa watu wanaojuana na watu wa kampuni. Simu ilikuwa juu ya meza, na sauti yake niliisikia vizuri. Hakugomba. Alisema, "Umeniua, Dada." Yeye akamjibu kwamba kama anahitaji mtu wa kuwaeleza wale wa kampuni jinsi *panga* inavyofanya kazi, ukurasa alishauandika na anao bado. Injinia akakata.

Fundi wa kliniki alikuwa wa kwanza kuandikiwa na wa mwisho kujibu. Alishukuru. Alisema amelifuta faili dogo na ratiba sasa inatoka sawa, na mkuu wake amemwelewa. Kisha akauliza, kwa adabu, jambo ambalo wengine wote hawakuuliza. Kliniki inatumia fanksheni nyingine nyingi za maktaba ileile. Inayochuja, inayounganisha, inayohesabu vipimo vya dawa. Kurasa zake zote ziliandikwa na Bi Mfano. Je, waziamini?

Bi Mfano aliisoma barua ile akiwa amesimama. Kila ukurasa aliokuwa ameandika ulipita chini ya mashine ile, kwa namna ileile, mbele ya fanksheni ambazo huenda zote zilijua jina lake. Vidole vyake vilikuwa tayari kuandika ndiyo, nilimwona. Miaka yote ile alikuwa mtu wa kusema ndiyo kwa uhakika, ndivyo kazi yake ilivyokuwa.

Akavuta kiti. Akamwandikia fundi asiiamini inayohesabu vipimo mpaka atakaposikia kutoka kwake, ahesabu kwa mkono kwanza, na kwamba kuhusu nyinginezo hajui. Akaipeleka. Kisha akaifungua fanksheni ya vipimo, akaanza kuisoma ndani, mstari wa kwanza.